Maneno Kumi na Mawili Katika Wosia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na waliopita mikononi mwangu darasani pale Bukoba hawatanibishia. Nilifundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, nikastaafu mapema kwa sababu ya mgongo na kwa sababu ya mkuu wa shule, na kati ya hivyo viwili mgongo ulikuwa na nafuu. Baada ya hapo nikapata kazi ambayo mpaka leo ndugu zangu hawaielewi. Kampuni moja ya ng'ambo hunitumia rekodi za watu wakizungumza Kihaya, nami naziandika neno kwa neno, kisha nazitafsiri kwa Kiswahili. Kuna wazee wanaoeleza namna ya kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanawake wanaogombana sokoni, na mtu anayempigia mwenzake simu kumuuliza kama senene wameshaanza kuanguka upande wa kwao. Nakaa chumbani na vipokea sauti masikioni, nacheka peke yangu.

Malipo yao huja kwa sarafu za kidijitali. Walisema njia ya benki inachelewa na makato yake ni makubwa. Nilidhani ni utapeli, nikafanya kazi ya wiki mbili nikiwa nimeshajiandaa kudhulumiwa, nikaandaa hata matusi. Nikalipwa. Dada mmoja wa Arusha anayefanya kazi hiyohiyo alinielekeza kwa simu namna ya kufungua pochi, yaani programu ya kwenye simu ya kutunzia sarafu hizo. Pochi ilipofunguka ikanionyesha maneno kumi na mawili ya Kiingereza, ya kawaida kabisa, yasiyohusiana. Ikaniagiza niyaandike kwenye karatasi kwa mpangilio wake, nisiyapige picha, nisimwonyeshe mtu.

Yule dada alinieleza kwa subira. Simu ikiibiwa, utanunua nyingine, utaingiza yale maneno, na pesa yako utaikuta. Maneno yakiibiwa, aliyeyapata atayaingiza kwenye simu yake, akiwa popote, na atachukua kila kitu. Kubadili namba ya siri ya simu hakutasaidia, kwa sababu yeye haihitaji simu yako. Hakuna tawi la kwenda kulia wala meneja wa kumfokea. Kwa mtu kama mimi, hilo la meneja ndilo lilikuwa gumu kulikubali.

Miezi ya mwanzo niliponea chupuchupu. Malipo yangu yalichelewa kuonekana, nikauliza kwenye kundi la watumiaji wa pochi ile. Haukupita muda, mtu mmoja mpole sana akaniandikia faragha kwa Kiswahili safi, na nembo ya pochi kwenye picha yake. Aliniita dada yangu mpendwa. Akasema yeye ni wa huduma kwa wateja, tatizo analiona, nimtumie tu maneno kumi na mawili ili alinganishe. Nilikuwa nimeshaandika manne, bado sijatuma, akaandika tena: fanya haraka dada. Hapo hasira yangu ikaniokoa, maana sipendi kuharakishwa. Nikafuta yale manne, nikamjibu kwa Kihaya jambo ambalo sitalirudia hapa. Malipo yakaonekana kesho yake yenyewe, bila msaada wa mtu.

Pesa ile ilikuwa na kazi yake. Ndoa yangu ilivunjikia Rubafu, nikarudi Bukoba na binti yangu mdogo mgongoni. Kibanja cha baba yangu, yaani nyumba na shamba lake la migomba, karibu na Nshamba, alikirithi kaka yangu, na kaka alipofariki kikaenda kwa mwanawe, kama ilivyo kwetu. Nikisema sina kinyongo nitakuwa naongopa. Baba na mama wamelala pale chini ya migomba, na mimi nikienda hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kama mgeni mwingine yeyote. Nilitaka kibanja changu mwenyewe, upande wowote wa Muleba, kidogo tu, chenye migomba na mibuni michache na mahali pa kunilaza. Sikutaka binti yangu aje asimame na maiti ya mama yake akiuliza wamzike wapi. Kwa miaka mitatu sikugusa pochi ile isipokuwa kuongeza, na nilikuwa nimekaribia sana.

Ndipo nikaambiwa nina uvimbe kwenye kizazi na sharti nifanyiwe upasuaji. Nikapangiwa hospitali ya Rubya. Daktari aliniambia ni jambo la kawaida, nikamwambia si la kawaida kwangu. Nikaogopa, na nikiogopa huwa napanga mambo. Nikaandika wosia.

Kwetu wosia ni jambo kubwa. Mtu huandika, akaita watu wa ukoo na watu wasio wa ukoo, wakatia sahihi, na nakala ikaingia kwenye daftari la ukoo ili asije mtu baadaye kusema marehemu hakusema hivyo. Niliandika ukurasa mmoja: vyombo vyangu, vitabu vyangu, cherehani, na kwamba kila kilichomo kwenye pochi ni cha binti yangu, akanunulie kibanja. Halafu nikajiuliza, ataipataje? Binti yangu alikuwa Mwanza kwa masomo, na sikuwahi kumwambia lolote juu ya yale maneno. Nikachukua karatasi ya pili, nikayaandika yote kumi na mawili, nikayapa namba, nikaikunja ndani ya ile ya kwanza na kuzitia zote mbili kwenye bahasha. Kwa akili yangu, karatasi ya kwanza ndiyo ilikuwa wosia, na ya pili ilikuwa kiambatisho tu. Mtu aliyesahihisha mitihani miaka ishirini na sita angepaswa kuwa na akili zaidi ya hiyo.

Siku moja kabla ya kulazwa nilifikia kwa baba mdogo, mdogo wake baba yangu, ambaye nyumba yake iko mwendo mfupi kutoka Nshamba. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa ukoo wetu. Alikuwa katekista miaka thelathini, mzee mrefu mwenye sauti ya kusikika kanisa zima bila kipaza sauti, na nyumbani aliitumia hiyohiyo hata kuomba chumvi. Alikwisha kuita mashahidi. Alikuwepo binamu yangu, katibu wa ukoo, mshona nguo. Alikuwepo mama mmoja jirani, mjane. Na alikuwepo wakala wa pesa za simu wa pale Nshamba, mtu ambaye riziki yake ni kushika simu za watu na kukumbuka namba.

Baada ya kula ndizi na maharage, maumivu yakanishika. Nikampa baba mdogo bahasha, nikaenda kujilaza chumba cha ndani, nikijua wataniita kutia sahihi. Nilimsikia akisoma vyombo, vitabu, cherehani. Nilimsikia akisoma habari za binti yangu na kibanja, na yule mama jirani akiguna kwa huruma. Halafu karatasi ya pili ikakunjuliwa, na sauti ile ya kanisani ikatamka namba moja na neno lake.

Sikuelewa mara moja. Alipofika namba mbili nikaelewa. Nilijaribu kuinuka, tumbo likanikatalia, nikashika ukuta. Namba tatu, namba nne. Binamu yangu alimwomba arudie herufi, maana alikuwa anaandika kwenye daftari, na baba mdogo akamtajia herufi mojamoja, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba mali ya yatima haichezewi. Nilifika mlangoni akiwa namba nane. Wakala alikuwa amekaa na simu yake juu ya goti.

"Inatosha, Tata," nilisema, maana kwetu baba mdogo naye huitwa baba. "Hiyo haisomwi."

Hakunitazama. "Mashahidi hawatii sahihi kwenye kitu wasichokisikia, mwanangu," alisema, akaendelea na namba tisa. Wosia ukianza kusomwa haukatizwi katikati. Wanasema kuukatiza ni kumwita mwenyewe afe haraka, na mwenyewe nilikuwa naenda kupasuliwa kesho yake. Alisoma mpaka kumi na mbili. Binamu yangu akakausha wino, akanigeuzia daftari nitie sahihi, na mimi nikatia, maana sikujua la kufanya nikiwa nimesimama mbele yao.

Nilimvuta baba mdogo nje, kwenye jamvi la kuanikia kahawa. Nikamweleza kwamba maneno yale ndiyo ufunguo wenyewe, kwamba yeyote aliyeyasikia anaweza kuchukua kila kitu, na kwamba ukurasa ule wa daftari uchomwe leo hii pamoja na karatasi yangu. Nilisema kwa ukali, na sasa najua nilisema kwa dharau pia. Nilimuuliza kama kweli alidhani yale yalikuwa majina ya watakatifu. Alisimama na kofia mkononi, akainamisha kichwa.

"Niliona ni mali ya mtoto," alisema. "Nikaona isomwe vizuri."

Akanihakikishia kwamba ukurasa atauchoma kabla jua halijatua. Nikamwambia afadhali. Sikumwambia ninachokwenda kufanya.

Kwa sababu kuchoma karatasi hakuchomi kilichosikika. Pochi ile ilikuwa imeshakufa kwangu, iwe kuna mwizi mle ndani au hakuna. Dawa ilikuwa moja tu: kufungua pochi mpya yenye maneno mapya na kuhamisha kila kitu kabla ya kuingia hospitali, maana baada ya hapo ningekuwa katika usingizi wa dawa, na mtu angekuwa na siku nzima ya kujihudumia. Simu yangu ilikuwa na chaji chini ya robo, na pale kibanjani kwa baba mdogo mtandao hukamata kwa kubahatisha. Nikasema naenda kunyoosha miguu. Nikapanda rweya, uwanda wa nyasi ulio juu ya migomba, ambako watoto wa pale huenda kupata mtandao. Kwa mtu mzima ni dakika kumi. Mimi nilikwenda nikisimama kila baada ya hatua chache, nimejishika tumbo, nikimlaani kila mmoja wao kwa zamu, na zaidi nikijilaani mimi mwenyewe.

Nilikaa kwenye nyasi. Nikafungua pochi mpya, ikanipa maneno kumi na mawili mengine. Karatasi pekee niliyokuwa nayo ilikuwa bahasha ya sadaka ya jumuiya, nikaandika nyuma yake kwa kalamu iliyokuwa inakaribia kuisha wino, nikalinganisha neno kwa neno mara mbili. Nikanakili anwani ya pochi mpya, nikakagua herufi za mwanzo, za katikati na za mwisho, kwa kuwa pesa ikienda kwenye anwani isiyo yake hairudi. Nikatuma kiasi kidogo kwanza. Mtandao ukakatika. Nilikaa pale nikitazama kiduara kikizunguka, na nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo baba mdogo asingeyaruhusu kanisani. Mtandao ukarudi, kile kidogo kikaonekana upande wa pili, nikatuma chote kilichobaki. Katika pochi ya zamani yakasalia makombo tu, yasiyotosha hata kulipia gharama ya kuyahamisha. Nililia kidogo, nikajipangusa, nikashuka.

Nilipofika baba mdogo alikuwa kwenye jiko la nje. Akanionyesha majivu. "Limekwisha," alisema. Mashahidi walikuwa wameshaondoka. Nikamjibu kwa Kihaya cha heshima, "Asante, waitu," basi.

Asubuhi binti yangu alifika Rubya kutoka Mwanza, macho mekundu kwa safari. Nilikuwa nimeishona ile bahasha ya sadaka ndani ya bitana ya koti langu. Nilimwambia nikifa koti hilo asimgawie mtu, kwa kuwa kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu hata kabla machozi hayajakauka. Nilimwambia ndani yake kuna kitu cha kufungulia pochi, asikipige picha, asimsomee mtu, na akihitaji msaada ampigie yule dada wa Arusha, lakini hata huyo asimtajie maneno. Aliitikia ndiyo kwa kila jambo, kama mtu anayemwitikia mgonjwa. Kisha nikaingizwa ndani.

Nilitoka salama. Nilipona polepole, nikarudi Bukoba na rekodi zangu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nafungua ile pochi ya zamani kila jioni kutazama yale makombo. Nilitaka kujua ni nani kati yao. Nilimwandama zaidi wakala. Kila nilipopita Nshamba nilitazama dukani kwake kama ameongeza bidhaa, na aliponiuliza hali ya afya yangu nilimjibu kwa mkato. Makombo hayakuguswa. Nilijiambia mwizi ameona ni machache, akayadharau. Ikanichukua muda mrefu kukubali kwamba huenda mwizi hakuwepo, na hata nilipokubali sikujuta kuhamisha. Sijuti hata leo. Ningefanya vilevile.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, baba mdogo akaugua. Nikaitwa. Nilimkuta amelazwa sebuleni, karibu na dirisha, amekonda na sauti yote imekwisha, ile ya kusikika kanisa zima. Nikapiga goti nikamwamkia, "Kasinge, waitu." Aliwaomba waliokuwepo watoke, hata mke wake. Akaniambia nifunge mlango na nisogee karibu.

Nilidhani ataniambia habari za kibanja cha baba. Akafumba macho, akatamka namba moja na neno lake.

Aliyasema yote. Alikuwa anayatamka Kihaya-Kihaya, kila neno akiliongezea vokali mwishoni, na mengine alivyoyatamka Mwingereza asingeyatambua. Mimi niliyatambua. Alipumzika baada ya la sita, akameza mate, akaendelea. Hakuna lililorukwa, hakuna lililopishana na jingine. Alikuwa mtu aliyeshika litania nzima ya Kilatini bila kujua maana ya hata mstari mmoja, na haya aliyashika hivyohivyo.

"Ukurasa niliuchoma kama ulivyoagiza," alisema. "Lakini nikawaza, ukifia kwenye meza ya upasuaji, mtoto ataambiwa na nani? Basi kabla ya kuchoma nikayaweka kichwani. Kila siku nikimaliza rozari nayasema, moyoni tu, yasinitoke. Mke wangu hajui. Sasa yachukue mwenyewe, nisije nikaenda nayo."

Ningeweza kumwambia. Ningeweza kusema, Tata, jioni ileile nilipanda rweya nikaondoa kila kitu, kwa sababu sikumwamini mtu yeyote aliyekuwa katika nyumba yako, na wewe ukiwemo. Kwa mwaka mzima alikuwa amelinda pochi tupu, kwa uaminifu ambao mimi sikumdhania hata kwa saa moja. Niliona aibu, nikaona na uchungu, na hasira yangu ambayo huwa haikosi pa kwenda siku hiyo haikupata pa kwenda.

"Yako sawasawa, Tata," nilimwambia. "Yote kumi na mawili. Nimeyapokea."

"Basi," alisema, akageuka upande wa ukuta apumzike.

Alifariki wiki hiyo. Wosia wake ulisomwa baada ya matanga, na binamu yangu aliusoma kwa sauti hafifu hata walio nyuma wakalalamika. Shangazi mmoja aliniuliza mzee aliniambia nini siku ile mlango ulipofungwa. Nikamjibu alinikumbusha kusali.

Kibanja nilikinunua baadaye mwaka huohuo, upande wa Muleba, na binti yangu ameshakiona, na mahali pa kunilaza nimemwekea alama kwa mgomba. Bahasha ya sadaka haiko tena kwenye koti. Iko mahali anapopajua yeye peke yake. Wakala wa Nshamba siku hizi namsalimia vizuri, hata nakaa kwenye benchi lake, na yeye hajui kwa nini nimebadilika.

Yule dada wa Arusha ameniambia niifute ile pochi ya zamani, haina kitu na inajaza simu. Sijaifuta. Na maneno yake, ingawa hayafungui chochote, sijayaandika hapa, wala sitamtajia mtu. Mimi si mtu wa rozari sana. Lakini siku ninazoisali, nikimaliza, nayasema yote kumi na mawili moyoni, kwa mpangilio wake, kwa matamshi ya baba mdogo.